Jinamizi, Ndoto za Kujitambua na Maana ya Tunayoyaota: Maswali na Majibu

Maswali kuhusu ndoto huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mwishoni mwa mazungumzo, mtu akiwa ameshasimama kuondoka. Anayeuliza huogopa kuonekana ana wazimu, au amerogwa, au ana jambo baya analolificha. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudiwa zaidi. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yamewatesa watu kwa miaka, na mengine kwa ufupi kwa sababu ufupi unayatosha.

Swali: Huzinduka usiku, macho yakiwa wazi na chumba nikikiona, lakini siwezi kuinua hata kidole. Kitu kizito kimenikalia kifuani na kivuli kimesimama mlangoni. Nyumbani wanasema nimekabwa na jinamizi. Ni nini hasa?

Usingizi huenda kwa mizunguko ya takribani dakika 90, na katika kila mzunguko hufika kipindi ambacho macho hukimbia huku na huku chini ya kope, ubongo ukifanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho. Kipindi hicho, ambacho wataalamu hukiita REM, kilielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, na ndicho chenye ndoto ndefu na zilizo wazi kuliko nyingine. Ili mtu anayeota anakimbia asiinuke kitandani akakimbia kweli, shina la ubongo hutuma ujumbe kwenye uti wa mgongo, na misuli ya mikono, miguu na shingo hulegea kabisa. Misuli ya macho haifungwi, wala kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu unaotuwezesha kupumua. Jinamizi hutokea pale fahamu inapoamka mapema, kufuli la misuli likiwa bado halijafunguka.

Uzito wa kifuani una sababu yake. Wakati huo misuli iliyo kati ya mbavu imelegea na pumzi ni fupi. Mtu aliyeshtuka hujaribu kuvuta pumzi ndefu kwa nguvu, kifua hakimtii, naye huhisi amekaliwa. Kivuli cha mlangoni ni ndoto ambayo haijakatika, inayoendelea kuonekana ndani ya chumba halisi. Na kwa kuwa sehemu za ubongo zinazoshughulikia hofu huwa zimechangamka sana katika usingizi huo, anayeonekana karibu kila mara huwa ni adui.

Hali hii hudumu kwa sekunde au dakika chache, kisha huisha yenyewe bila kumdhuru mtu. Wala si ya mtu mmoja mmoja aliyelaaniwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011, yaliyojumlisha watu zaidi ya 36,000, yalikuta kwamba karibu watu 8 katika kila 100 wameipata angalau mara moja maishani, na miongoni mwa wanafunzi ni karibu 28 katika kila 100. Wajapani wana neno lao, *kanashibari*, lenye maana ya kufungwa kwa chuma, na mtu wa Tanga akisimuliwa habari zake atatambua mara moja kinachosemwa.

Mwaka 1995, hofu ya Popobawa, kiumbe kinachosemekana kuvamia watu usiku, ilipoenea Pemba na Unguja, familia zilitoka kulala nje kwa pamoja, na katika masimulizi ya wale waliosema wamevamiwa yalijirudia mambo haya haya: kuzinduka gizani, kushindwa kusogea, kukandamizwa kifuani. Baadhi ya waliokichunguza kisa hicho wameziona humo alama za jinamizi. Naona hilo lina uzito, kwa sababu hofu hulilisha jinamizi: anayelala akilisubiri hulala vibaya, na anayelala vibaya hulipata zaidi. Sikusudii kumvunjia mtu imani yake. Anayepata utulivu kwa kusoma dua au kusali kabla ya kulala aendelee, maana utulivu huo wenyewe ni sehemu ya tiba.

Swali: Nifanyeje ili lisinirudie?

Anza na saa za kulala. Kukosa usingizi wa kutosha, kubadilisha zamu za kazi kama wafanyavyo wauguzi na walinzi wa usiku, msongo wa mawazo na kulala chali ndivyo vichochezi vikubwa. Lala ubavu, na lala kwa saa zile zile kadiri kazi yako inavyokuruhusu. Likikujia, usipigane nalo kwa mwili mzima. Tuliza pumzi, zungusha macho, kisha elekeza nia yako kwenye kidole kimoja cha mguu. Kikicheza hicho, mwili wote hufuata. Mwone daktari ikiwa linakujia mara kwa mara, na hasa ikiwa mchana unazidiwa na usingizi ghafla au magoti yanalegea unapocheka, kwa sababu hizo ni dalili za ugonjwa mwingine wa usingizi ambao una dawa.

Swali: Mimi ni mwanamke niliyeolewa. Naota ninakutana kimwili na mtu nisiyemjua, na nimeambiwa nina jini mahaba aliyenifunga kizazi. Je, kuna tiba?

Katika usingizi wa REM damu hujaa zaidi katika viungo vya uzazi, kwa wanaume na kwa wanawake, hata kama ndoto yenyewe haina mapenzi ndani yake. Mwili ulio katika hali hiyo hutosha kuzaa ndoto ya kukutana kimwili, na sura ya mtu ndotoni haina lazima kuwa ya mume wala ya mtu unayemtamani. Hukumsaliti mumeo. Kwa mvulana aliyebalehe, na hata kwa mtu mzima, kutokwa na manii usingizini ni jambo la kawaida vilevile.

La kizazi linanihuzunisha kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Mwanamke hupelekwa huku na huku kwa miaka, akitoa fedha na kubeba lawama, ilhali mirija yake haijapigwa picha na mbegu za mumewe hazijapimwa hata mara moja. Mkiwa mmejaribu kwa miezi 12 bila kupata ujauzito, au miezi 6 ikiwa umevuka umri wa miaka 35, nendeni kliniki pamoja. Wote wawili mpimwe.

Swali: Safari moja niligundua katikati ya ndoto kwamba naota, na nikaamua kuruka angani. Je, nilikuwa nimeamka?

Hapana, ulikuwa usingizini, lakini fahamu ilikuwa imeamka nusu, na mwili ukabaki umelala bila kukutia hofu. Kwa hiyo ndoto ya namna hii, tuiite ndoto ya kujitambua, ni jirani wa jinamizi, na watu wengi wanazijua zote mbili. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba karibu watu 55 katika kila 100 wameota hivyo angalau mara moja.

Kwa muda mrefu wanasayansi hawakuwaamini walioyasimulia haya. Uthibitisho ulipatikana kwa kutumia misuli isiyofungwa, yaani ile ya macho. Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull nchini Uingereza, mtafiti Keith Hearne alipatana na Alan Worsley, aliyekuwa na uzoefu wa ndoto hizi, kwamba Worsley akitambua anaota azungushe macho kushoto na kulia kwa utaratibu maalumu. Mashine ikaonyesha mtu aliye katika usingizi wa REM, na katikati ya usingizi huo ikaonyesha ishara waliyoagana. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford alifikia matokeo hayo kwa majaribio yake mwenyewe miaka michache baadaye. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walitangaza kwamba wamewauliza maswali watu waliokuwa wakiota na kujibiwa: kijana mmoja, alipoulizwa 8 kutoa 6, alijibu kwa kuzungusha macho mara mbili bila kuamka.

Swali: Je, ni salama kujifunza kuota hivyo?

Kwa mtu mwenye afya njema na anayelala vya kutosha, kujizoeza kuandika ndoto kila asubuhi na kujiuliza mchana, "Je, sasa naota?" hakuna madhara ninayoyajua. Tatizo liko katika zile njia zinazomtaka mtu akatize usingizi kwa kengele usiku baada ya usiku, kwa sababu anayekatiza usingizi hulipa kesho yake kwa uchovu, na wengine hulikaribisha jinamizi. Mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia yasiyokuwapo asijaribu kabisa, kwani kwake mpaka kati ya ndoto na mambo halisi unahitaji kuimarishwa.

Swali: Kuota nyoka, meno kung'oka, kula nyama usiku au kumwona marehemu kuna maana gani?

Kila mmoja wetu amekua akisikia kwamba ndoto ina maana. Ndoto ya Farao ya ng'ombe saba, aliyoifasiri Yusufu, inasomwa msikitini na kanisani pia. Daktari Sigmund Freud, katika kitabu chake kilichotoka mwishoni mwa 1899, alidai kwamba ndoto ni matamanio yaliyojificha. Mwaka 1977 Allan Hobson na Robert McCarley wa Harvard walikwenda upande wa pili, wakasema ni juhudi ya ubongo kushona hadithi kutokana na ishara zinazopanda zenyewe kutoka katika shina lake. Mwanasaikolojia Calvin Hall, aliyekusanya maelfu ya ndoto za watu wa kawaida nchini Marekani, aliona kwamba kwa sehemu kubwa tunaota watu wetu, kazi zetu na wasiwasi wetu. Walimu wa Kiislamu, kwa kufuata hadithi ya Mtume, hufundisha kwamba ndoto ni za aina tatu: bishara njema itokayo kwa Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na mambo ambayo nafsi ya mtu inajisemesha yenyewe. Utafiti unaweza kuzungumzia hiyo ya tatu tu, na imeonekana kuwa nyingi sana.

Kwa hiyo siziamini orodha zinazosema nyoka ni adui na meno ni msiba. Nyoka wa mkulima aliyeumwa shambani mwaka jana si nyoka wa kijana wa mjini aliyemwona kwenye simu tu. Kuhusu meno, utafiti uliofanywa Israel na kuchapishwa mwaka 2018 uliwakuta waotaji wa ndoto hizo wakisema pia kwamba huamka na mkazo au maumivu katika meno na taya, kwa hiyo kabla ya kusubiri msiba muulize unayelala naye kama unasaga meno usiku. Aliyeota anakula nyama hakuna kilichoingia tumboni mwake. Akiamka tumbo likiuma kila siku, akapimwe vidonda vya tumbo. Kumwota marehemu ni kawaida sana kwa waliofiwa, na wengi huamka wamefarijika. Sioni sababu ya kumnyang'anya mtu faraja hiyo.

Ukitaka kujua ndoto yako ina maana gani, jiulize ulikuwa na hisia gani ulipokuwa ndani yake, na ni lini mara ya mwisho ulihisi hivyo mchana.

Swali: Tangu nianze dawa, ndoto zimekuwa kali na za ajabu.

Yawezekana ni dawa. Efavirenz, iliyokuwamo katika vidonge vya ARV vilivyotumika sana Afrika Mashariki, inajulikana kwa ndoto nzito, hasa wiki za mwanzo au ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta mengi. Dolutegravir, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kuwa chaguo la kwanza mwaka 2019, huwakosesha baadhi ya watu usingizi, na wahudumu huweza kuwashauri waimeze asubuhi. Mefloquine ya kuzuia malaria na propranolol ya presha nazo huleta ndoto kali, na vivyo hivyo kuacha pombe ghafla. Mweleze mhudumu wako, lakini usiache ARV kwa sababu ya ndoto.

Swali: Nilikimbia vita, na ndoto ni ile ile kila usiku.

Pole sana. Ndoto inayokurudisha palepale kila usiku ni jeraha linalotibika. Mojawapo ya njia ni kuiandika ndoto mchana, kuibadilisha sehemu yoyote upendayo, kisha kuipitia hiyo mpya akilini dakika 10 hadi 20 kila siku. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha wanawake 168 walionusurika ukatili wa kingono, na waliofundishwa njia hii walipungukiwa na ndoto za kutisha na wakalala vizuri zaidi. Ifanye pamoja na mshauri nasaha au muuguzi wa afya ya akili, na uanze na ndoto iliyo nyepesi, si ile nzito kuliko zote.

Swali: Mtoto wangu huketi usiku akipiga mayowe, na baba yangu mzee hurusha ngumi akiota. Ni jambo moja?

Ni mambo mawili tofauti. Mtoto anayepiga mayowe saa chache baada ya kulala, asikutambue, na asubuhi asikumbuke chochote, yuko katika usingizi mzito usio wa ndoto. Mlinde asianguke, usimtikise, na kwa kawaida ataacha akikua. Ila akiwa na joto kali, akikakamaa au akiwa hazinduki vizuri, mpeleke hospitali usiku huohuo, maana hiyo yaweza kuwa malaria kali, na kinachoitwa degedege hakingoji asubuhi. Anayeuma ulimi au kujikojolea usingizini apimwe kifafa.

Mzee wako huenda kufuli la misuli limelegea, ndiyo maana anaitenda ndoto yake. Wakati mwingine hali hiyo hutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka mingi, kwa hiyo aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu. Kwa sasa ondoeni vitu vyenye ncha karibu na kitanda, na mama alale kitanda cha pembeni.

Swali: Nikimsikia mwenzangu anaguna kwa jinamizi, nimguse au nimwache?

Mguse begani, umwite jina lake kwa sauti ya kawaida. Mara nyingi hilo linatosha kumfungua. Yeye amekuwa akikusikia muda wote, ila hakuweza kukujibu.