James Peters na mechi aliyonyimwa

Wapenzi wa raga wakimtaja James Peters, wengi huishia kusema alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuichezea timu ya taifa ya Uingereza, mwaka 1906. Ni kweli, lakini hapo hujaambiwa kama mpira aliujua. Mimi nafundisha vijana wanaocheza nafasi yake, ile ya jezi nambari 10, kwa hiyo swali hilo ndilo linalonivuta kwanza.

Nambari 10 hupokea mpira ukishatoka kwenye skramu, pale wachezaji wa timu mbili wanaposhikana na kusukumana kuugombea, wapinzani wakimjia mbio. Apasi, apige teke au apenye mwenyewe? Ana nukta tu ya kuamua, na akikosea timu nzima inalipia. Nafasi hiyo hapewi mtu kwa huruma. Devon walimpa Peters, akishirikiana na Raphael Jago wa nambari 9, na kaunti hiyo ikatwaa ubingwa wa kaunti mwaka 1906.

Alizaliwa Salford mwaka 1879. Baba yake, Mjamaika, alikuwa akifunza simba wa sarakasi, na simba ndio waliomuua. Mtoto naye alipanda farasi bila tandiko mbele ya watazamaji, mpaka siku alipovunjika mkono na sarakasi ikamtelekeza. Akalelewa kwenye makao ya yatima London, akajifunza uchapaji na useremala. Alipoanza kuchezea Bristol, mjumbe mmoja wa kamati alijiuzulu kupinga mtu mweusi kupewa nafasi. Baadaye akahamia Plymouth.

Machi 17, 1906 aliichezea Uingereza kule Edinburgh, wakailaza Uskoti 9-3. Siku tano baadaye walikuwa Paris kwa mechi ya kwanza kabisa baina ya Uingereza na Ufaransa. Uingereza ikashinda 35-8, naye akafunga trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani.

Oktoba hiyo Afrika Kusini walikuja kuzuru, na ratiba ikawapeleka Plymouth kucheza na Devon. Kumwona Peters kikosini, wageni wakagoma kuingia uwanjani. Inasimuliwa kwamba mwakilishi wa serikali yao ndiye aliyewabembeleza hadi wakakubali, kwa kuhofia ghadhabu ya maelfu waliokuwa wakingoja. Desemba 8, Uingereza ilipokutana na wageni haohao Crystal Palace, Jago aliitwa, Peters hakuitwa. Mechi ikaisha 3-3. Hiyo trai ya Uingereza, kwa taarifa yako, ilifungwa na Freddie Brooks, aliyekuja kutoka Rhodesia, Zimbabwe ya leo!

Kwamba tatizo halikuwa kiwango, ushahidi ni wa wateuzi wenyewe: mwaka 1907 walimrudisha dhidi ya Ireland na Uskoti, na 1908 dhidi ya Wales. Jumla mechi tano. Mweusi mwingine hakuonekana kwenye kikosi hicho hadi Chris Oti, 1988.

Mwaka 1910 alipoteza vidole vitatu katika ajali kazini, gatini Plymouth. Kwa mtu ambaye kazi yake uwanjani ni kudaka pasi za kasi, ungesema basi. Aliendelea kucheza. Kilichomtoa ni chama cha raga, kilichomfungia kwa madai ya kupokea malipo, kosa kubwa enzi hizo za raga ya ridhaa. Klabu za kaskazini zilikuwa zimejitenga tangu 1895 kwa sababu ya suala hilohilo la pesa, basi akaenda huko: Barrow mwaka 1913, kisha St Helens, akiwa amepita miaka thelathini na analipwa hadharani.