Baba alianguka kwa moyo. Je, mimi?

Mama mmoja wa Kariobangi, mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa cha mashine ya presha, alinishika kwa maswali haya.

Baba alikufa ghafla kwa moyo akiwa na miaka 48. Nimeurithi?
Huenda umerithi hatari, si ugonjwa wenyewe. Kwa watu wengi, mishipa ya moyo haizibi kwa sababu ya jeni moja. Ni tofauti ndogondogo nyingi za DNA (maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli), kila moja ikichangia kidogo, halafu presha, sigara na sukari humalizia kazi.

Jeni hizo hupatikanaje?
DNA ina herufi kama bilioni 3, na watu wawili hutofautiana takriban herufi moja katika kila 1,000. Sasa fikiria unaelekezwa nyumba mtaani Umoja: huambiwi namba ya mlango, unaambiwa "shuka steji ya msikitini, kisha uliza." Herufi hizo zinazotofautiana ndizo steji. Watafiti huchukua maelfu ya waliougua moyo na maelfu ya wasiougua, wakalinganisha herufi laki kadhaa. Herufi ikijitokeza zaidi kwa wagonjwa, basi chanzo kiko jirani, kwa kuwa vipande vya DNA vinavyokaribiana hurithiwa pamoja.

Ndivyo kilivyopatikana, mwaka 2007, kipande cha kromosomu ya 9 (kromosomu ni fungu la DNA) kinachoongeza hatari ya moyo. Kilichowashangaza (na mimi pia) ni kwamba hatari yake haipitii kwenye kolesteroli (mafuta ya damu) wala presha. Steji tumefika, mlango bado tunautafuta.

Sisi Waafrika tumo?
Kidogo mno. Tafiti nyingi zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, hivyo makadirio yao ya hatari mara nyingi hayatutoshei. Ni hasara kwa wote: DNA zetu zina tofauti nyingi zaidi na vipande vyake ni vifupi, yaani steji zimekaribiana na nyumba hupatikana upesi. Waluhya wa Webuye walitoa damu kwa ramani ya kimataifa ya DNA, na wakazi wa Korogocho na Viwandani, mitaa ya Nairobi, wamo katika AWI-Gen, utafiti wa jeni na magonjwa ya moyo na sukari barani Afrika.

Basi nikapimwe jeni?
Hapana, mama. Mwambie daktari umri wa baba. Baba akiugua moyo kabla ya miaka 55, hiyo ni habari nzito. Kisha pima kolesteroli na sukari.

Mashine ikalia: 152 kwa 94, presha iko juu. Tukaanzia hapo.