Wabunge 7, mawaziri 19: wizara kivuli zinavyogawanywa Queensland

Ukitaja waziri kivuli, msomaji wa Tanzania hukumbuka msemaji wa Kambi Rasmi ya Upinzani akisoma hotuba yake wakati wa bajeti. Kwenye mabunge ya majimbo ya Australia hotuba ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Nitaeleza kwa mfano wa Queensland, kwa sababu mbili. Jimbo hilo lilifuta baraza lake la juu mwaka 1922, kwa hiyo jambo likipita bila kuulizwa kwenye chumba hicho kimoja au kwenye kamati zake, hakuna wabunge wengine wa kulidaka mbele ya safari. Pili, uchaguzi wa Machi 2012 uliwaachia Labor, chama kilichoangukia upinzani, viti 7 kati ya 89. LNP, chama kilichounda serikali, walipata 78.

Katiba ya jimbo inaruhusu mawaziri hadi 19, na serikali ya LNP chini ya Campbell Newman iliwajaza wote. Upande wa pili Annastacia Palaszczuk, kiongozi wa Labor, alikuwa na watu saba, yeye mwenyewe akiwemo. Kila mmoja, basi, wizara mbili au tatu za kuzifuatilia akiwa waziri kivuli.

Kosa la kwanza ni kugawa kwa idadi, kama anayegawa pipi. Wizara hazilingani uzito. Hazina humla mtu mzima, maana kila ahadi ya wenzake lazima ipite kwake; Labor waliikabidhi kwa Curtis Pitt. Afya ni karibu hivyo hivyo. Baada ya hapo unaangalia kamati: kuanzia 2011 Bunge hilo lilikuwa na kamati saba za kisekta, na makadirio ya matumizi ya kila waziri husikilizwa kwenye kamati yake. Ukimpa mtu mmoja wizara mbili zilizo chini ya kamati mbili tofauti, na serikali ikapanga kamati hizo siku moja, umempoteza kwenye moja. Afadhali wizara zake ziwe chini ya kamati moja, hata kama kwa jina hazifanani. Asiye mjumbe wa kamati anaweza kuuliza kwa ruhusa ya kamati, lakini lazima awepo mwili na roho.

Maswali ya papo kwa papo huchukua saa moja, upinzani na wabunge wa serikali wakipokezana. Waziri ana dakika tatu za kujibu. Hapa ndipo wageni wa kazi hii huharibu. Swali la "Je, Waziri anakiri kwamba amewatelekeza wagonjwa?" lina hoja ndani yake, linaomba maoni, na Spika anaweza kulikataa. Asipolikataa ni balaa zaidi: umempa waziri dakika tatu za kujisifu. Bajeti ya Septemba 2012 ilitangaza kupunguza nafasi 14,000 za utumishi wa umma. Namba kubwa namna hiyo haiulizwi nzima nzima. Unaikata: hospitali gani, kada gani, nafasi ngapi hadi tarehe fulani. Swali moja, jambo moja, lililo chini ya wizara ya anayeulizwa. Na uwe tayari umeshika karatasi yenye jibu.

Maswali ya maandishi hayana mbwembwe, ila mimi ndiyo nayathamini zaidi. Kila mbunge ana haki ya swali moja kwa siku ya kikao, na jibu hutakiwa ndani ya siku 30. Fanya hesabu: wabunge saba wanaweza kuwauliza mawaziri wote 19 swali lile lile, mathalani matumizi ya washauri wa nje, kwa siku tatu za vikao, na maswali mawili yakabaki. Majibu yakirudi unayapanga safu kwa safu. Waziri aliyejibu kwa aya ndefu wakati wenzake wametoa tarakimu, huyo ndiye wa kumfuata. Bila daftari moja linalotunzwa na mnadhimu, wabunge wawili watauliza kitu kimoja na siku itakuwa imeliwa.

Maombi ya nyaraka chini ya sheria ya haki ya taarifa ya 2009 yana muda wa siku 25 za kazi, na huongezwa mara nyingi. Wengi hukumbuka mwezi mmoja kabla ya makadirio, wamechelewa. Ombi pana, "nyaraka zote kuhusu shule", linaweza kukataliwa kwa hoja kwamba litaikwamisha ofisi. Andika aina ya waraka, idara, na tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Nyaraka za baraza la mawaziri usijisumbue nazo; omba takwimu zilizotangulia waraka.

Bajeti husomwa Jumanne, kiongozi wa upinzani hujibu Alhamisi. Kwa usiku huo mmoja au miwili, hotuba ya waziri wa hazina iweke kando. Fungua vitabu vya utoaji huduma vya kila wizara, linganisha kilichopangwa mwaka jana, kinachokadiriwa kutumika, na kinachoombwa sasa. Kipimo kilichokuwepo mwaka jana na sasa hakipo kinastahili swali kabla ya fedha yoyote.

Chaguzi ndogo za 2014, Redcliffe na Stafford, ziliwaongezea Labor wabunge wawili, Yvette D'Ath na Anthony Lynham, wakawa tisa, na mizigo ikagawanywa upya. Kugawa upya kuna gharama yake: mwenye wizara mpya hurithi mafaili, lakini muuguzi au mkandarasi aliyekuwa akimpigia mwenzake simu hafuati mafaili. Makabidhiano yafanyike ana kwa ana, na simu ya kwanza wapige wote wawili.

Januari 2015 Labor walipata viti 44 na kuunda serikali kwa msaada wa mbunge huru Peter Wellington. Pitt akawa waziri wa hazina, na ahadi zote alizokuwa amezipitisha au kuzizuia akiwa kivuli zikawa zake kulipa.