Joho: neno la Pwani, vazi la Ulaya

Joho (wingi wake majoho) ni vazi refu na pana, lililo wazi mbele, linalovaliwa juu ya nguo nyingine katika shughuli rasmi. Mkazi wa Nakuru au Kisumu akilisikia neno hili, aghalabu huwaza mahafali ya Egerton au Maseno, ilhali mwenyeji wa Lamu huenda akamwaza kwanza sheikh au bwana harusi. Wote wako sahihi, ila mavazi yenyewe hayana asili moja.

Neno limetokana na Kiarabu, jukh, ambalo halikuwa jina la vazi bali la kitambaa kizito cha sufu. Pwani, jina hilo likahamia kwenye nguo iliyoshonwa kwa kitambaa hicho, yaani koti refu la wanaume wenye hadhi, lililovaliwa juu ya kanzu na kutariziwa kingoni kwa nyuzi za dhahabu. Sufu katika joto la Pwani si starehe hata kidogo, na kwa maoni yangu hapo ndipo heshima ilipokuwa: aliyelivaa hakutarajiwa kubeba mzigo. Bushti ni jamaa yake wa karibu, lakini hushonwa kwa kitambaa chepesi zaidi.

Joho la chuo lina ukoo mwingine. Lilitokana na mavazi ya makasisi wa Ulaya katika Enzi za Kati, wakati vyuo kama Paris na Oxford vilipokuwa chini ya kivuli cha kanisa na wanafunzi wake wengi walihesabiwa miongoni mwa watumishi wake. Waingereza walipoleta vyuo vya mtindo wao Afrika Mashariki, vazi hilo likaja navyo, nasi tukalipa jina la vazi tulilokwisha kulijua. Mavazi haya pia huonyesha ngazi ya elimu: mwenye shahada ya uzamifu kwa kawaida hung'aa kwa rangi nyingi zaidi, na mara nyingi huvaa kofia laini ya duara badala ya ile ya bapa yenye kishada, ilhali kitambaa kinachoning'inia mgongoni huonyesha kwa rangi zake shahada au taaluma ya mhitimu.

Magharibi mwa Kenya, sherehe rasmi ikishakwisha, joho hufunikwa na mashada yanayometameta ambayo jamaa humvisha mhitimu shingoni, na ukiwa upande wa Kakamega huenda ukasikia ngoma ya isukuti ikipigwa nje ya lango. Siku hizi hata watoto wa chekechea huvishwa majoho madogo, jambo ambalo baadhi ya wahitimu wa vyuo hulinung'unikia.

Mawakili na majaji wana majoho yao pia. Nje ya mavazi, husemwa kwamba fulani amevikwa joho la uongozi, hata kama siku hiyo alivaa suti. Hatusemi amevikwa kanzu ya uongozi, kwa kuwa kanzu ni vazi la kila mtu, na joho huvaliwa juu yake.