Uteuzi asilia: kuifuata herufi moja ya jeni

Mtu akisikia "uteuzi asilia" mara nyingi humjia picha ya mwenye nguvu akimmaliza mnyonge. Picha hiyo inapotosha, maana uteuzi asilia hauhitaji pambano lolote. Inatosha viumbe wa spishi moja watofautiane, tofauti zao zirithiwe, na baadhi ya tofauti hizo zimwezeshe mwenye nazo kuacha watoto wengi kuliko wenzake. Hapo kizazi kijacho kitabeba tofauti hizo kwa wingi zaidi. Charles Darwin alieleza hayo mwaka 1859 bila kujua urithi unapitaje kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Gregor Mendel alichapisha kazi yake juu ya njegere mwaka 1866, na dunia haikuishughulikia mpaka 1900.

Mfano unaonionyesha jambo hili vizuri kuliko mingine ni selimundu, ugonjwa ambao wengi wanauita sikoseli.

Ndani ya kila seli nyekundu ya damu mna himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Sehemu yake moja, mnyororo wa beta, imeundwa kwa asidi amino (vijenzi vya protini) 146 zilizopangwa kwa maagizo ya jeni iliyo kwenye kromosomu ya 11. Mahali fulani kwenye jeni hiyo panasomeka GAG, herufi zinazowakilisha vijenzi vya DNA, yaani kemikali inayobeba jeni. Kwa baadhi ya watu herufi A imekuwa T, panasomeka GTG. Ni herufi moja tu, lakini kwa sababu yake asidi amino ya sita inakuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Himoglobini ya aina hii, oksijeni ikipungua, hushikana na kujipanga kama nyuzi ndefu ndani ya seli, na seli iliyokuwa ya duara hujipinda ikawa kama mundu. Seli zilizopinda hukwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo yanapotoka yale maumivu makali ya mifupa.

Jeni moja ikiwa na matoleo tofauti, kila toleo huitwa aleli. Aleli ya kawaida tuiite A (si ile herufi A ya DNA), ya mundu tuiite S. Kila mtu hupokea moja kwa baba na moja kwa mama, kwa hiyo ataangukia AA, AS au SS. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Mwenye AS ni mbebaji, na kwa kawaida huishi maisha yake bila hata kujua. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Nasema kila mimba, kwa sababu kuna wanaodhani wakishapata mtoto mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wako salama. Sivyo. Bahati huanza upya kila mara.

Sasa swali lenyewe. Kabla ya tiba za leo, watoto wengi wenye SS walikufa wadogo, na kila aliyekufa aliondoka na nakala mbili za S. Mbona aleli hiyo haikuisha?

Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Pwani na kando ya Ziwa Victoria wabebaji walizidi asilimia 20. Nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Alichogundua ni kwamba ramani ya S inafuata ramani ya malaria. Akaendelea na utafiti, ukiwemo wa watoto nchini Uganda, na mwaka 1954 akachapisha matokeo: mwenye AS ana kinga dhidi ya malaria kali. Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya seli yenye himoglobini hiyo, oksijeni inapopungua hushindwa kukua vizuri.

Kwa hiyo penye malaria nyingi, mwenye AA yuko hatarini kwa malaria, mwenye SS kwa selimundu, na mwenye AS ndiye mwenye nafasi kubwa ya kufika utu uzima na kuzaa. Uteuzi unaipunguza S kwa upande mmoja na kuirudisha kwa upande wa pili, hadi kiwango chake kitulie. Wanabiolojia huuita uteuzi wa mizani. Kuuliza kama S ni aleli nzuri au mbaya, bila kutaja mahali, ni swali lisilo na jibu.

Hapa nitilie mkazo jambo moja: malaria haikuizalisha S. Badiliko lile la herufi A kuwa T lilitokea kwa nasibu wakati DNA inanakiliwa, bila kujali linahitajika au la. Mazingira yaliamua tu nakala zake zienee kiasi gani. Wala hakuna mtu aliyebadilika katika uhai wake. Aliyezaliwa AA alikufa AA. Kilichobadilika ni uwiano wa aleli katika jamii nzima, na mabadiliko ya uwiano huo kizazi hadi kizazi ndiyo mageuko.

Mahali pasipo na malaria, S hupungua, ila polepole sana. Chukua watu 10,000, na S iwe asilimia 10 ya aleli zote. Kwa hesabu ya kawaida ya urithi, 100 watakuwa SS na 1,800 AS. Ishushe S hadi asilimia 1: SS anabaki mtu mmoja, AS ni 198. Katika nakala 200 za S zilizobaki, 198 zimo ndani ya watu wazima wa afya, na uteuzi hauna namna ya kuzifikia.