Baipola au sonona? Swali ambalo wengi hawaulizwi wakifika zahanati

Watu wanadhani baipola ni mtu wa kubadilika badilika, asubuhi kacheka jioni kanuna. Hapana jamani. Ni ugonjwa unaokuja kwa vipindi, kuna kushuka na kuna kupanda, na ule wa kushuka unafanana kabisa na sonona: hamu ya kila kitu imekata, usingizi umevurugika, mwili mzito, unajiona hufai, hadi mawazo ya kufa, na inakaa wiki 2 au zaidi. Ukimpima mtu siku hiyo tu huwezi kutofautisha, hata uwe daktari mzoefu vipi.

Tofauti iko kwenye historia. Mwenye sonona anashuka tu, ila mwenye baipola alishawahi kupanda, yani analala masaa mawili na asubuhi yuko fiti, anaongea humkatizi, hela ya mtaji kaitapanya, ukimpinga anawaka. Ikifika wiki nzima na maisha yakavurugika, au ikabidi alazwe hata kabla ya hapo, hiyo ni mania. Ikiwa nyepesi ila imeenda siku 4 mfululizo au zaidi, ni haipomania, na hii ndo inapotea sana maana mwenyewe alijiona yuko poa na kazi zinaenda, sasa nani aende hospitali kwa kuwa ana furaha?

Kwahiyo anakuja akiwa chini, anajaziwa PHQ-9, dodoso la kupima sonona, na maswali yote 9 yanahusu kushuka, la kupanda hamna. Maksi zikiwa juu zinaonyesha hali ni mbaya kiasi gani, hazikwambii ni ugonjwa upi.

Shida inakuja kwenye dawa. Dawa za sonona kama fluoksetini au amitriptilini zikitolewa peke yake zinaweza kumrusha mwenye baipola hadi mania. Yeye anahitaji dawa za kutuliza hisia kama lithiamu, ambayo lazima apimwe damu, figo na thairoidi (tezi ya shingoni), na valproeti, dawa nyingine ya kundi hilo, asipewe hivi hivi mwanamke anayeweza kushika mimba, inadhuru mtoto tumboni. Ndo maana mhGAP, mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa kutibu magonjwa ya akili kwenye vituo vya kawaida, unataka historia ya mania iulizwe kwanza.

Na kuuliza ni hivi tu: "Ulishawahi kuwa na kipindi una nguvu kupita kawaida yako, hulali na huchoki, mpaka watu wakashangaa?" Mgonjwa anaweza kusema hapana, halafu mama yake aliyekaa benchi pale nje akakwambia mwaka juzi mwanangu aliuza pikipiki akagawa hela mtaani, tukajua karogwa. Mwite ndani huyo mama, mgonjwa akikubali! Uliza pia kama ilianza akiwa kijana mdogo au baada ya kujifungua, kama kwenye ukoo yupo mwenye baipola, kama anatumia mirungi. Majibu hayo hayathibitishi kitu yenyewe, ila yanatosha kumpa rufaa kwa daktari wa afya ya akili.

Kama ushaanza dawa za sonona na ghafla hulali na mawazo yanakimbia, usiziache kimya kimya, rudi ukamwambie aliyekuandikia. Mawazo ya kujiua yakija nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.