Asidi amino za 10%: chupa mbili, mambo mawili tofauti

Wanaoanza kuchanganya lishe ya mishipa (chakula kinachotiwa mshipani kwa dripu) huuliza: chupa ya asidi amino, yaani chembe zinazojenga protini, tuliyozoea imeisha, naweza kutumia ya kampuni nyingine ya asilimia ileile? Kwa protini, ndiyo. Lita moja ya 10% ina gramu 100 za asidi amino, awe nani kaitengeneza. Balaa liko kwenye maandishi madogo ya lebo.

Chukua chupa mbili za asidi amino: Travasol 10% haina fosfati, lakini FreAmine III 10% ina milimoli 10 za fosfati kwa lita. Ukibadilisha chupa bila kugusa kalsiamu na fosfati za fomula, mchanganyiko uliokuwa ukingoni unaweza kutoa mashapo (chembe ngumu) ya kalsiamu fosfati. Kama mfuko una mafuta, weupe wake utayaficha. Kwa hiyo hesabu kwanza fosfati ya chupa, tia fosfati mapema, kalsiamu iwe ya mwisho, na filta ya mikroni 1.2 isikosekane kwenye mpira wa dripu. Asetati nayo ihesabiwe: Travasol 10% ina 88 mEq (kipimo cha chumvi) kwa lita, na mwili huigeuza kuwa bikaboneti, inayopunguza tindikali ya damu. Kwa hiyo mgonjwa anayepoteza tindikali ya tumbo kwa mrija wa puani, mpe sodiamu na potasiamu kama kloridi.

Asilimia yenyewe ina maana kwenye ujazo. Mgonjwa wa kilo 70 anayehitaji gramu 1.5 kwa kilo anataka gramu 105 kwa siku: mililita 1,050 za 10%, 700 za 15%, au 525 za 20%. Aliyezuiwa maji mengi atafaidika na 20%. Ila usidhani 10% ni laini zaidi kwa mshipa wa mkononi. Kinachohesabika ni mfuko uliokamilika. Kila gramu ya asidi amino huleta takriban mOsm 10 (kipimo cha ukolezi), ya dekstrosi, yaani sukari, 5. Gramu 105 pamoja na dekstrosi gramu 150 kwenye lita 2 ni mOsm 900 kwa lita, ambao ndio mpaka wa kawaida wa mshipa wa pembeni, na elektroliti (chumvi kama sodiamu na potasiamu) bado hazijaingia. Huyo anahitaji mshipa mkuu ulio karibu na moyo.

Chupa za asidi amino za magonjwa maalumu naziona zinatumika kuliko inavyostahili. HepatAmine, ya wagonjwa wa ini, ina asidi amino zenye matawi kwa wingi, lakini wagonjwa wengi wa ini huvumilia za kawaida. NephrAmine, ya wagonjwa wa figo, haina asidi amino ya arginini, kwa hiyo amonia inaweza kupanda, hasa kwa watoto. Anayesafishwa damu huhitaji protini zaidi, si kubaniwa.

Kwa watoto njiti, tofauti ni ya kweli. TrophAmine, chupa ya watoto, ina taurini na aina ya asidi amino ya tairosini inayoyeyuka vizuri. Sisteini, asidi amino nyingine, huongezwa wakati wa kuchanganya kwa sababu haidumu ndani ya chupa: kipimo kilichozoeleka ni miligramu 40 kwa kila gramu ya asidi amino. Mtoto wa kilo 1.5 anayepewa gramu 3 kwa kilo atapata mililita 45 za TrophAmine 10% na miligramu 180 za sisteini. Sisteini hushusha pH, yaani huongeza tindikali ya mchanganyiko, hivyo kalsiamu na fosfati huyeyuka vizuri zaidi. Lakini damu ya mtoto inaweza kuzidi tindikali. Bikaboneti ikishuka, hamisha sehemu ya kloridi iwe asetati kabla ya kupunguza protini.